Seli Iliyosubiri Miaka 48

Seli ya kwanza ya samaki kukubali kuishi bila kikomo nje ya mwili wa samaki ilitoka kwenye tezi za uzazi za trauti. Mwaka 1962, Ken Wolf na M. C. Quimby, waliokuwa wakichunguza magonjwa ya samaki huko Leetown, West Virginia, Marekani, walitangaza katika jarida la Science kwamba seli hizo zimeota ndani ya chupa, zikagawanyika, zikahamishiwa chupa nyingine zikagawanyika tena, wala hazikuonyesha dalili ya kuchoka. Zikaitwa RTG-2. Mpaka leo zipo kwenye maabara nyingi duniani: zinagandishwa, zinayeyushwa, zinaendelea pale zilipoachia. Wolf na mwenzake walikuwa wakiwinda virusi, kwa kuwa kirusi hakizaliani pasipo seli hai. Hawakuwa wakiwaza magodoro wala televisheni.

Naomba msomaji aushike mwaka huo wa 1962. Ninayoyakusanya hapa ni mambo yaliyovunja rekodi katika kisa cha kemikali za kuzuia moto na samaki: la kwanza, la kasi, la kina kirefu, la ukali. Takriban yote yametokea baada ya kipimo kuwa kimeshapatikana, kimekaa kwenye jokofu, kinangoja kuulizwa.

Kongwe kuliko zote

Kukinga kitu kisishike moto si jambo la juzi. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wa shabu, boraksi na chumvi ya chuma, wa kutiwa kwenye turubai na karatasi. Shabu ni hii hii tunayoijua sokoni, vipande vyeupe vya kutulizia maji yenye tope na kupaka kidevu baada ya kunyoa. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac, aliyeagizwa na Mfalme Louis XVIII atafute njia ya kulinda vitambaa vya majumba ya maonyesho, alitumia chumvi za amonia pamoja na boraksi.

Chumvi hizo zilikuwa na kasoro moja: nguo ikifuliwa, kinga inakwenda na maji. Wanakemia wa karne ya 20 wakatafuta kitu kisichokwenda na maji, wakakipata kwenye bromini. Moto ni mlolongo. Chembe huria za hidrojeni na hidroksili zinagongana na gesi ya kitu kinachoungua, zinazaa chembe nyingine huria, nazo zinagonga tena. Bromini ikifyatuka kwenye joto inazidaka chembe hizo njiani, na mlolongo unakatika. Ni akili kubwa, na imeokoa watu. Lakini kitu kisichokwenda na maji hupenda mafuta, na katika mto au ziwa mafuta yako ndani ya samaki.

Inayotumika kwa wingi kuliko zote

Hapa wengi hushangaa. Kwa uzito, inayoongoza duniani ni aluminiamu hidroksidi, unga mweupe ambao ukipata joto hutoa maji na kupoza plastiki. Haipandi kwenye mafuta ya samaki. Naitaja ili isidhaniwe kwamba kila kinga ya moto ni sumu ya aina moja.

Kosa kubwa kuliko yote

Mwaka 1973, kiwanda cha Michigan Chemical katika mji wa St. Louis, Michigan, kilikuwa kinatengeneza bidhaa mbili. Moja ni kinga ya moto ya bromini, PBB, iliyoitwa FireMaster. Ya pili ni magnesi oksidi ya kuchanganya kwenye chakula cha ng'ombe, iliyoitwa NutriMaster. Majina yalikaribiana, na mifuko ya FireMaster ikapelekwa mahali palipotakiwa NutriMaster, ikachanganywa kwenye pumba na kulishwa mifugo jimbo zima. Ng'ombe walikataa kula, maziwa yakapungua, kwato zikarefuka ovyo. Ilichukua miezi mingi kugundua sababu, na katika miezi hiyo watu waliendelea kunywa maziwa na kula nyama. Mwishowe waliuawa na kuzikwa ng'ombe wapatao 30,000 na kuku wapatao milioni 1.5.

Nyuma ya kiwanda ulipita mto Pine. Watu waliambiwa wasile samaki wake.

Kisa cha ng'ombe ndicho kilichoandikwa sana, na ni haki yake. Kisa cha samaki wa mto Pine hakikuwa na mkulima wa kukisemea. Ng'ombe akigoma kula, mwenyewe anamwona asubuhi ile ile, ilhali samaki anadhoofika chini ya maji yasiyoonyesha kitu, na anayemjua ni yule tu atakayemvua, amkaushe na kumpima.

Onyo la kwanza kutoka majini

Samaki walipimwa Sweden. Mwaka 1981 Andersson na Blomkvist waliripoti kuwa samaki wa eneo la mto Viskan, penye viwanda vingi vya nguo, walikuwa na PBDE mwilini. Hiyo ni familia ya kemikali za bromini yenye aina 209, zikihesabiwa kwa idadi ya atomi za bromini na mahali zilipokaa. Ndiyo mara ya kwanza familia hiyo kuripotiwa kutoka kwa samaki.

Mwaka huo RTG-2 ilikuwa na umri wa miaka 19. PBDE ziliendelea kumiminwa kwenye sponji za makochi, kwenye nyaya na kwenye plastiki.

Nzito kuliko zote, na nyepesi iliyoishinda

Katika familia ya PBDE, jitu ni deka, BDE-209. Ina atomi kumi za bromini, nafasi zote zimejaa. Molekuli moja ya deka ina uzito wa zaidi ya molekuli 50 za maji, na asilimia 83 ya uzito huo ni bromini tupu. Iliwekwa hasa kwenye plastiki ya mgongo wa televisheni za zamani, zile tunazoziita TV za chogo. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha fundi wakati chogo linafunguliwa anajua kinachotoka humo: vumbi laini jeusi, limeganda kwenye waya wa umeme mkubwa, linapanda puani. Fundi analipuliza kwa mdomo, analifuta kwa kitambaa, kitambaa kinakung'utwa mlangoni, na mvua inamalizia safari hadi mtaroni. Vumbi la ndani ndilo gari linalobeba kemikali hizi kutoka kwenye kifaa hadi kwa watu na kwenye maji.

Watengenezaji walijitetea kwa ukubwa huo huo wa deka. Molekuli pana namna hii, walisema, itapitaje kwenye utando wa seli? Kwa kiasi fulani walikuwa sahihi. Jitu hili linapita kwa shida. Kilichosahaulika ni kwamba samaki ana tumbo.

Mwaka 2004 Heather Stapleton na wenzake waliwalisha samaki aina ya karpu PBDE zenye bromini nyingi, kisha wakatafuta zilikokwenda. Ndani ya utumbo wa karpu bromini zilikuwa zinang'olewa moja moja. BDE-99, yenye tano, ilitoka ikiwa BDE-47, yenye nne. Deka nayo haikuonekana kujikusanya mwilini ilivyolishwa; waliokutwa mle ni watoto wake, wenye bromini pungufu. Kiwanda kiliuza molekuli nzito isiyopenya, samaki akaichonga mpaka ikapenya.

BDE-47 ndiyo inayostahili kuogopwa kwenye orodha hii. Ina nusu tu ya uzito wa deka, na ndiyo inayoonekana mara nyingi kuongoza kwenye minofu ya samaki. Mwaka 2010 zilichapishwa taarifa mbili zilizoonyesha inachofanya ndani ya seli. Watafiti wa China waliitia BDE-47, na deka pia, kwenye chupa za RTG-2, seli zile zile za Leetown. Zote mbili ziliua seli. Seli hazikupasuka tu kama puto. Nyingi zilifuata njia ya kujiua kwa utaratibu, ile ambayo seli hujivunja yenyewe ikijua imeharibika. Huko Seattle, watafiti waliipeleka BDE-47 kwenye seli za matamvua ya trauti, wakazipitisha moja moja mbele ya leza. Waliona mitokondria, mahali seli inapotengenezea nguvu, zikipoteza chaji yake ya umeme, chembe haribifu za oksijeni zikiongezeka, na seli zikielekea kufa.

Kati ya 1962 na 2010 ni miaka 48. Mkataba wa Stockholm ulikwisha kuziweka penta na okta, mchanganyiko wa kibiashara wa PBDE nyepesi, kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa mwaka 2009. Yaani seli ilitoa ushahidi huo kesi ikiwa imeshahukumiwa, baada ya tani kwa tani kuuzwa. Kila nikizisoma tarehe hizo tatu mfululizo nahisi uchungu, kwa sababu jaribio lenyewe ni la siku chache na vyombo vyake vinaenea mezani.

Kasi kuliko zote

Kati ya mwaka 1992 na 2000, PBDE katika samaki weupe wa milimani wa mfumo wa mto Columbia, Kanada, ziliongezeka hadi mara 12. Zilikuwa zinajirudufu kila baada ya mwaka 1 na miezi kama saba. Kwa kulinganisha, maziwa ya akina mama wa Sweden yaliyohifadhiwa tangu 1972 hadi 1997 yalionyesha PBDE zikijirudufu kila miaka mitano, na takwimu hizo za Sweden ndizo zilizoitia dunia hofu zilipotangazwa 1998. Samaki wa Columbia walikuwa wanakwenda mara tatu ya kasi hiyo.

Kwa wingi, rekodi ya wakati wake ilishikwa na karpu wa mto Hyco, Virginia. Taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha miligramu 47.9 za PBDE kwa kila kilo ya mafuta ya mnofu wake, kiasi kikubwa mno kwa samaki wa kuliwa.

Kali kuliko zote

Unaweza kudhani mshindi wa ukali ametoka kiwandani. Sivyo. BDE-47 ikiingia mwilini, ini hujaribu kuitoa kwa kuipachika hidroksili, ili ikubali maji. Kinachozaliwa kinaitwa 6-OH-BDE-47. Katika danio, samaki mdogo mwenye mistari anayependwa na maabara, kitu hicho kimeua hata kikiwa katika kiwango cha nanomola, na kiliua kwa kuvuruga mitokondria. Mwili unajaribu kujisafisha na unachonga kisu.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba bahari nayo hukitengeneza. 6-OH-BDE-47 na ndugu zake hutengenezwa na viumbe wadogo wanaoishi ndani ya sponji wa baharini, na hupatikana pia kwenye mwani. Mwaka 2005 watafiti walipima kaboni ya misombo ya namna hiyo kutoka kwenye mafuta ya nyangumi, wakakuta ina alama ya kaboni ya viumbe hai, si ya petroli. Kwa hiyo samaki wa miamba walikuwa wakikutana na silaha hii tangu zamani, kidogo kidogo, mahali pake. Sisi tumeipeleka malighafi yake, BDE-47, kwenye mito ya maji baridi, na kwa tani.

Mwigo bora kuliko yote

TBBPA ndiyo kinga ya moto ya bromini inayotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine za bromini. Nyingi inafungwa kikemia ndani ya bodi za saketi za simu na kompyuta, na iliyofungwa hivyo haitoki kirahisi. Tatizo ni iliyo huru. Umbo lake linafanana sana na thairoksini, homoni ya tezi ya shingoni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba TBBPA inaweza kung'ang'ania protini inayosafirisha thairoksini kwa nguvu hadi mara kumi ya thairoksini yenyewe. Mgeni amekaa kwenye kiti, mwenye kiti amesimama.

Kwa samaki, homoni hiyo ni amri ya kukua. Mvuvi wa pwani anamjua gayogayo, samaki bapa anayelala mchangani, macho yote mawili upande mmoja. Hakuzaliwa hivyo. Akiwa mchanga, jicho moja liko kulia na jingine kushoto kama samaki yeyote, halafu moja linahama. Homoni za thairoidi ndizo zinazoongoza uhamaji huo.

Kina kirefu kuliko vyote

Mwaka 2017 timu ya Alan Jamieson iliripoti PBDE ndani ya viumbe wadogo mithili ya uduvi walionaswa kwenye handaki la Mariana, Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 10,000 chini. Kilimanjaro ukiuzamisha pale, juu ya kilele chake yatabaki maji ya mita 4,000 na zaidi.

Sugu kwa kubadili jina

Mwaka 1977 Arlene Blum na Bruce Ames waliandika kwamba Tris ya bromini, iliyokuwa ikitiwa kwenye nguo za kulalia za watoto Marekani, inaharibu vinasaba. Serikali ikaipiga marufuku mwaka huo huo. Ikaingia Tris ya klorini. Nayo ikaondolewa kwenye nguo hizo baada ya muda mfupi, kisha ikarudi kwenye sponji za makochi, hasa penta ilipokoma kutengenezwa Marekani mwishoni mwa 2004. Mwaka 2011 Stapleton na wenzake walipima sponji za bidhaa 101 za watoto wachanga, na 80 zilikuwa na kinga za moto. Iliyoonekana mara nyingi kuliko zote ni Tris ya klorini.

Kwenye kiinitete cha danio, Tris hiyo ikiwekwa mapema, pale yai linapoanza tu kugawanyika, ukuaji unachelewa. Mbadala mwingine wa fosforasi, trifenili fosfati, unafanya jambo unaloweza kulitazama kwa hadubini, kwa sababu kiinitete cha danio kinapitisha mwanga kama kioo. Moyo wa samaki huanza kama mrija ulionyooka. Siku ya pili unatakiwa ujikunje, chumba kimoja kikae kando ya kingine. Mbele ya trifenili fosfati haujikunji. Unabaki mrija, unapiga, damu inasukumwa kwa shida, na maji yanajaa kuuzunguka.

Jaribio la kwanza kukubaliwa na dunia

Mwaka 1994 Niels Bols na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitoa seli za matamvua ya trauti zilizokubali kuishi kwenye chupa, RTgill-W1. Ni trauti yule yule anayefugwa kwenye maji baridi ya Mlima Kenya. Juni 2021, baada ya kazi ndefu iliyoongozwa na Kristin Schirmer na wenzake wa taasisi ya Eawag, Uswisi, shirika la kimataifa la OECD liliidhinisha mwongozo namba 249: jaribio la kwanza rasmi la sumu ya ghafla linalotumia seli za samaki pasipo kumgusa samaki.

Linafanyika hivi. Chukua sahani ya plastiki yenye visima 24, inayoenea kiganjani. Seli zimwagwe, ziachwe zishikamane chini. Zikienea, chini ya hadubini utaona kitu kama sakafu ya vigae visivyolingana, vimebanana bila upenyo. Chakula cha seli kinaondolewa, kinawekwa kimiminika chepesi cha chumvi na sukari kidogo, kisicho na protini, maana protini ingeikumbatia kemikali na kuificha. Kemikali inatiwa kwa viwango vinavyopanda kutoka kisima hadi kisima. Sahani inalala gizani, nyuzi 19 za Selsiasi, saa 24.

Kesho yake, penye kiwango kikubwa vigae vimeachana. Vingine vimejikunja vikawa duara, vimeng'oka, vinaelea. Ndipo zinapotiwa rangi tatu. Ya kwanza, Alamar Blue, inaingia ikiwa samawati, na seli inayopumua inaigeuza waridi. Ya pili inapima kama utando wa nje bado mzima. Ya tatu, nyekundu, inatunzwa na vifuko vidogo ndani ya seli, ikiwa vifuko vyenyewe havijatoboka. Ukisimama mbele ya sahani unaona waridi upande mmoja, kisha zambarau, kisha samawati iliyobaki vile vile ilivyotiwa, kwa kuwa humo hapakuwa tena na wa kuigeuza.

Kemikali za bromini zina ujanja wake hata hapa: zinang'ang'ania kuta za plastiki za kisima, na anayeandika kiwango alichomimina, bila kupima kilichobaki kwenye maji, anaweza kuihesabia sumu upole isionao. Lakini seli hizi ni nyepesi kutunza. Hazihitaji mtungi wa kaboni dioksidi kama seli za binadamu, na joto lake ni la chumba kilichopoozwa. Maabara zetu za vyuo na za uvuvi zinaweza kuzitunza. Samaki wetu wameshaanza kupimwa: taarifa ya mwaka 2014 ilichunguza perege wa maziwa ya Victoria, Tanganyika, Nyasa na Babati, ikitafuta DDT, PCB na kinga za moto za bromini kwa pamoja. DDT ndiyo iliyoongoza. Televisheni za chogo na kompyuta chakavu zilikuwa zinaendelea kuingia.

Ruhusa ndefu kuliko zote

Mkataba wa Stockholm ulipoziorodhesha penta na okta mwaka 2009, uliacha mlango: plastiki na sponji zenye kemikali hizo ziliruhusiwa kurejelezwa kuwa bidhaa mpya hadi 2030. Ndiyo maana wapimaji wa mtandao wa IPEN wamekuta bromini hizo kwenye vitu vya kuchezea watoto vya plastiki nyeusi, vikiwemo vilivyonunuliwa Kenya. Deka iliorodheshwa 2017, nayo ikaachiwa mlango wake: vipuri vya magari ya zamani. Magari hayo yakishachoka Japani na Ulaya huvuka bahari kuja kwetu, viti vyake vikatolewa sponji, dashibodi zake zikachomwa au kutupwa bondeni, karibu na maji. Mlango wa vipuri hivyo unaweza kubaki wazi hadi 2036.